Geji ya turbo: ya mpira au ya waya?

Gari nyingi za turbo zinazoshuka bandarini Mombasa hazina geji ya kuonyesha presha ya turbo. Zina taa ya kuonya tu, na taa hiyo ikiwaka mara nyingi hasara imeshaingia. Ndiyo maana vijana wetu wenye Forester, na hata madereva wa matatu za dizeli, hufunga geji ya pembeni. Swali linakuwa: wafunge ya mpira au ya waya?

Ya mpira ndiyo ya kale. Mpira mwembamba unatoka kwenye manifoldi, unapenya ukuta wa chuma ulio baina ya injini na abiria, hadi nyuma ya geji. Ndani yake mna kibomba cha shaba kilichopindwa kama ndoana, kazi ya Mfaransa Eugène Bourdon tangu 1849. Presha ikipanda kibomba kinataka kunyooka, kinavuta meno, sindano inazunguka. Haitaki umeme ila wa taa ya usiku, inajibu papo hapo, na fundi yeyote anaielewa. Udhaifu ni huo mpira. Joto linaukausha, unapasuka, na sindano inaanza kusema uongo. Kwa gari la petroli kuna kubwa zaidi: hewa ya manifoldi huwa na mvuke wa petroli, na mpira ukichomoka nyuma ya dashibodi, turbo inaupuliza walimokaa watoto. Kwa dizeli ni hewa tu, pengine na masizi.

Ya waya inaacha hewa kulekule kwenye injini. Sensa inapima, waya unaleta habari. Unaweza kuiweka popote, na baadhi hulia kengele presha ikizidi. Lakini bei yake iko juu, za bandia ni tele, na waya wa athi ukishika kutu (nasi chumvi ya bahari tunaijua) sindano inacheza ngoma yake.

Sasa nije Myanga. Shemeji yangu amehamia huko Bungoma, njia ya Malaba, na Forester yake ya petroli. Mombasa, injini ikinguruma bila kukanyagwa, geji ilionyesha mvuto wa inchi 19 za zebaki. Kule ikaonyesha 15. Fundi mmoja akamwambia ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Alhamdulillahi, alinipigia simu kabla ya kutoa pesa. Nikamwambia, shemeji, usiifungue. Myanga iko takriban mita 1,300 juu ya bahari, na mvuto hupungua kiasi cha inchi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Inchi nne hizo ni mwinuko, si ringi. Akienda Kitale, karibu mita 1,900, zitapungua tena.

Hapo ndipo geji hizi zinapoachana. Ya mpira kwa kawaida hulinganisha na hewa iliyoizunguka, kwa hivyo injini ikizimwa inarudi sifuri, Lamu au Kitale. Za waya hutofautiana. Nyingine hujipanga upya kila ukiwasha swichi. Nyingine zimepangiwa usawa wa bahari, na Myanga zitaonyesha kama psi 2 chini ya sifuri hata injini ikiwa imelala. Turbo ikitoa psi 10 za kweli, geji inasema 8. Dereva anaona turbo ni dhaifu, fundi anakaza westigeti, na turbo ambayo tayari inazunguka kwa kasi zaidi kwa sababu ya hewa nyepesi inaongezewa mzigo. Hivyo ndivyo turbo nzima inavyouawa. Washa swichi bila kuwasha injini. Sindano isipokaa sifuri, usiiamini.

Kwa maoni yangu, gari la petroli la familia lifungwe ya waya, ile inayojipanga yenyewe, na fyuzi yake. Dizeli ya kazi, ya mpira yatosha, mradi mpira ubadilishwe kabla haujakauka.

Vyovyote utakavyochagua, mwambie fundi asigawe mpira wa westigeti wala ule wa regyuleta ya petroli. Tundu dogo kwenye wa kwanza, turbo inapitiliza presha. Kwenye wa pili, petroli inapungua injini ikiwa kwenye mzigo. Atafute tundu la peke yake kwenye manifoldi. Na nyinyi wa malori ya Malaba, umeme wenu mara nyingi ni volti 24. Geji ya volti 12 ya Subaru itaungua humo siku hiyohiyo.