Mlokole Aliyemsamehe Amin

Februari 10, 1973, uwanja wa mpira wa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ulifurika watu walioletwa kutazama wenzao watatu wakipigwa risasi kwa amri ya serikali ya Idi Amin. Askofu Festo Kivengere aliruhusiwa kusema na hao watatu. Alikuwa akijiuliza atamwambia nini mtu aliyebakiza dakika chache. Wafungwa walipogeuka, alisimulia baadaye, nyuso zao ziling'aa. Mmoja akamshukuru kwa kuja, akamweleza kwamba ameokoka akiwa mahabusu. Kisha wakainua mikono yenye pingu, wakawapungia watu. Mahubiri yakamwishia mdomoni.

Kivengere alikuwa mlokole, yaani Mkristo aliyeokoka, zao la Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya na Tanganyika, ambako yeye mwenyewe alifundisha shule Dodoma. Kwa walokole, neema haikuja kwa bei ya chee. Mtu aliungama mbele ya wenzake, kisha akarudisha alichoiba. Kivengere alipookoka alipanda baiskeli maili zipatazo 50 kwenda kumwomba radhi Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia.

Imani hiyo ilipimwa mwaka 1977. Maaskofu wa Kianglikana walikuwa wamemwandikia Amin barua ya kulalamikia mauaji. Februari 16, Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa jijini Kampala, akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari, lakini ni wachache tu waliodanganyika. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe, Mera, walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda.

Ijumaa Kuu ilimkuta London, kanisani All Souls. Aliposikia Yesu akiwaombea msamaha waliomsulubisha, akagundua kwamba chuki dhidi ya Amin imemjaa moyoni. Hukumu ilianza kwake. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho kichwa chake kinatamka wazi kwamba anampenda Idi Amin. Kiliwaudhi wengi, na ni vigumu kuwalaumu: askofu hawezi kusamehe kwa niaba ya aliyezika mume au mwana.

Lakini wanaodhani alikuwa amefuta kosa hawakumsikiliza. Huko uhamishoni alizunguka akieleza maovu ya utawala ule na kuwasaidia wakimbizi. Alimsamehe muuaji, ila mauaji aliendelea kuyaita mauaji. Msamaha usiotaja dhambi asingeutambua mlokole yeyote.

Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala, Amin akakimbia. Kivengere alirudi nyumbani mwaka huohuo, akafariki 1988. Amin alifia Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 2003, bila kusimama mbele ya mahakama yoyote.