Mchoro wa kompyuta waokoa mbao, lakini si kibali cha kuuza kiti

MBAO ni mtaji, na seremala anayekata kabla ya kupima hupoteza mtaji wake. Ndiyo maana mafundi wengi wa samani siku hizi huanza kazi kwenye kompyuta kabla ya kushika msumeno.

Mfano mzuri ni kiti maarufu cha Gerrit Rietveld wa Uholanzi, aliyejifunza useremala katika karakana ya baba yake mjini Utrecht kabla ya kuwa msanifu majengo. Alikibuni mwaka 1918, na karibu mwaka 1923 kikapakwa rangi nyekundu, buluu, njano na nyeusi. Kimeundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyonyooka, pamoja na mbao mbili bapa za kukalia na kuegemea.

Umbo hilo ni rahisi kuchora kwa programu kama SketchUp, iliyotoka mwaka 2000. Fundi huchora kipande kimoja kwa kipimo halisi, kisha hukinakili mara anazohitaji. Akibadilisha unene wa kimoja, vyote hubadilika. Mwishowe hupata orodha ya vipande vya kukata.

Faida iko hapo. Chukua ubao wa sentimita 240 unaotakiwa kutoa vipande vinne vya sentimita 60. Kwa hesabu ya kichwani unatosha. Lakini msumeno unaokata kwa upana wa milimita 3, ukipita mara tatu, hula milimita 9, na kipande cha nne hupungua. Programu ya kupanga ukataji, ikipewa upana huo, huonyesha upungufu kabla ubao haujaguswa.

Hata hivyo, kuwa na mchoro si kuwa na haki ya kuuza. Katika Umoja wa Ulaya, hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu. Rietveld alifariki dunia mwaka 1964, hivyo kazi yake inalindwa hadi mwisho wa 2034. Tangu miaka ya 1970, kampuni ya Cassina ya Italia imekuwa ikikitengeneza kiti hicho kwa kibali.

Nchini Uingereza, miundo ya samani zinazotengenezwa kwa wingi viwandani ililindwa kwa miaka 25 tu, hadi sheria ilipobadilishwa Julai 2016. Waliokuwa wakiuza nakala za bei nafuu ikawabidi watafute kibali au waache.

Kwa fundi anayelenga soko, njia salama ni kutumia mchoro wa kiti cha zamani kujifunzia maungio na mpangilio wa mbao, kisha kubuni kiti chake mwenyewe. Hesabu ya msumeno itabaki ileile, na haki ya kuuza itakuwa yake.