Ukinunua mashua iliyotumika, anza na kamba

Mfanyabiashara wa Morogoro anajua kukagua gunia la mpunga wa Kilombero au tenga la kabichi kutoka Mgeta. Akifika ufukweni na mtaji wake mdogo, macho yale yale humpotea. Anapoonyeshwa mashua iliyotumika huko Bagamoyo, hugonga mbao, hutazama rangi, kisha hupatana bei. Kamba na vyuma haviulizwi. Hasara huanzia hapo, kwa sababu chombo kisichoweza kupandisha tanga hakiendi kuvua, na kisichovua hakirudishi mtaji.

MKONGE AU PLASTIKI?

Kamba si bidhaa ngeni Morogoro. Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, mashamba yalienea katika tambarare za chini ya Milima ya Uluguru, Tungi na Pangawe, hadi Kimamba wilayani Kilosa. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000. Kisha nyuzi za plastiki ziliteka soko la kamba duniani, na pamoja na matatizo mengine ya mashamba, mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 30,000.

Kwa mwenye mashua, swali ni kamba ipi ifanye kazi ipi. Ya mkonge hainyumbuki sana na haiyeyuki kwa msuguano, lakini hunywa maji, huvimba na kuoza ikihifadhiwa mbichi. Polipropilini ni rahisi na huelea, ila jua huila haraka. Nailoni ina nguvu na hunyumbuka, hivyo inafaa nanga kuliko kupandishia tanga. Poliesta hainyumbuki sana na hustahimili jua vizuri zaidi, lakini bei yake iko juu. Mkonge uachiwe kazi za kufungia mizigo, mahali ambapo ikikatika hakuna anayezama.

MAMBO YA KUKAGUA

Kwanza, henza, yaani kamba nene inayoinua foromali. Ichunguze pale inapopita kwenye roda ya juu ya mlingoti, maana hapo ndipo inapolika. Fumbua msokoto uone ndani. Ukikuta unga, weusi au harufu ya uvundo, kamba hiyo imekwisha hata kama nje inang'aa.

Pili, jarari na makapi yake. Zungusha kila roda kwa kidole. Isiyozunguka husaga kamba mpya kwa muda mfupi. Pima urefu pia, kwani wengi hukosea hapa. Ikiwa makapi mawili yenye roda mbili mbili yanaachana kwa mita 6, kamba hupita kati yao mara 4, hizo ni mita 24, bila kuhesabu ya kuvutia na ya kufungia. Anayenunua kwa kukisia urefu wa mlingoti hurudi dukani siku hiyo hiyo.

Tatu, demani, kamba ya kuongozea tanga. Mara nyingi huchakaa upande mmoja tu. Kama upande wa pili ni mzima, huweza kugeuzwa ncha na kuendelea kutumika. Lakini ukiona mafundo ya kuungia, jihadhari: fundo huweza kupunguza nguvu ya kamba hadi karibu nusu. Maungo ya kusuka ni bora zaidi.

Nne, vyuma. Kutu ya juu juu si tatizo kubwa. Tatizo ni pete iliyolika ikawa nyembamba, pini iliyopinda, au mstari wa kutu unaochuruzika kutoka kwenye msumari, dalili kwamba maji yameingia ndani ya mbao.

HESABU KABLA YA BEI

Andika kila kitakachobadilishwa, pita dukani uulize bei, ndipo urudi kwa muuzaji. Kwa mfano tu, akitaka sh. 3,000,000 na kamba na vyuma vikagharimu sh. 600,000, mazungumzo yako yaanzie sh. 2,400,000. Mwombe pia hati ya ukaguzi wa chombo. Usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara uko chini ya TASAC, na gharama ya kukifikisha chombo kwenye kiwango itamwangukia mmiliki mpya.

Kuna mabaharia watakaopanda chombo hicho usiku, pepo zikivuma, wakitegemea kamba uliyoikubali mchana ukiwa nchi kavu. Henza ikikatika, foromali huwaangukia wao. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Baharini huvunja zaidi ya hapo.