'To' au '-ing'? Mtego wa Kiingereza unaotokana na 'ku-' ya Kiswahili

Na Mwandishi Wetu

KARANI anayetaka kueleza kwamba kampuni imeacha kulipa mishahara, kisha akaandika kwa Kiingereza "The company stopped to pay salaries", huwa ameandika kinyume cha alichokusudia. Msomaji anayeijua vema lugha hiyo ataelewa kuwa kampuni ilisimamisha shughuli zake kwa muda ili iwalipe wafanyakazi. Sentensi sahihi ni "The company stopped paying salaries".

Tofauti kati ya "to pay" na "paying" ni ndogo machoni, lakini ndiyo inayoamua kama wafanyakazi wamelipwa au wamenyimwa haki yao.

Makosa ya aina hiyo hujitokeza katika barua za maombi ya kazi, ripoti za ofisi na karatasi za mitihani, hata kwa watu waliosoma kwa miaka mingi. Si lazima yatokane na uvivu wa mwanafunzi au udhaifu wa mwalimu. Kwa msemaji wa Kiswahili, mzizi wake umo ndani ya lugha yake mwenyewe.

Katika Kiswahili, kitenzi kinachofuata kitenzi kingine mara nyingi huanza na "ku-". Mtu hutaka kusoma, hufurahia kusoma, humaliza kusoma, huacha kusoma na huweza kusoma. Kiambishi ni kilekile kwa vitenzi vyote vitano. Zaidi ya hayo, neno "kusoma" laweza kusimama kama jina, ndiyo maana wanasarufi hukiita kitenzi cha namna hiyo kitenzi-jina.

Kiingereza kimeigawa kazi hiyo ya "ku-" kwa maumbo matatu. Lipo umbo linalotanguliwa na "to", lipo lenye "-ing" mwishoni, na lipo la kitenzi kitupu kisicho na nyongeza yoyote. Kwa hiyo mifano ile mitano huwa "want to read", "enjoy reading", "finish reading", "stop reading" na "can read".

Anayeamua ni kitenzi cha kwanza

Umbo la kitenzi cha pili halichaguliwi kwa kupenda. Huamuliwa na kitenzi kilichotangulia.

Vitenzi kama "want", "hope", "decide", "plan", "promise", "agree", "refuse" na "expect" hufuatwa na "to". Vingi katika kundi hili hutazama mbele, kwa kuwa anayeahidi, anayepanga au anayekataa huzungumzia jambo ambalo bado halijatendeka. Asili ya "to" inasaidia kueleza hali hiyo, kwani neno hilo lilikuwa, na hadi leo bado ni, neno la kuonyesha mwelekeo.

Katika Kiingereza cha kale, kabla ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, kitenzi-jina kilitambulika zaidi kwa mwisho wake, ambao kwa kawaida ulikuwa "-an". Kadiri karne zilivyopita mwisho huo ulidondoka, na "to" likabaki kuwa alama yake kuu.

Vitenzi kama "enjoy", "finish", "avoid", "deny" na "admit" huchukua "-ing". Vingi kati ya hivi huhusu jambo lililokwisha kutendeka au linaloendelea, kwani hakuna anayeweza kumaliza asichokianza.

Hata hivyo, kanuni hiyo ni fimbo ya kutembelea tu, si sheria isiyovunjwa. "Suggest" na "consider" hutazama mbele lakini huchukua "-ing", ilhali "manage" hueleza jambo lililofanikiwa na bado hutaka "to".

Kundi la tatu ni la vitenzi visaidizi kama "can", "must", "should", "may" na "will", ambavyo havikubali "to" hata kidogo. "He can to drive" ni kosa; husemwa "He can drive".

Pale mtendaji anapobadilika

Kiswahili hutumia "ku-" mara nyingi mtendaji anapokuwa mmoja, kama katika "nataka kuja". Anapokuwa mtu mwingine, mara nyingi kitenzi hubadilika na kuishia kwa "e", kama katika "nataka aje". Wengi hulitafsiri umbo hilo neno kwa neno na kuandika "I want that he comes". Kiingereza sanifu husema "I want him to come". Mtu anayetakiwa kuja hukaa katikati, na kitenzi hufuata kikiwa na "to".

"Make" na "let", hata hivyo, hutaka kitenzi kitupu baada ya mtendwa. Mwajiri aliyemlazimisha mfanyakazi kutia saini huelezwa kwa maneno "They made him sign". Lakini sentensi hiyo ikigeuzwa ili mfanyakazi atangulie, "to" hurejea na kuwa "He was made to sign". Mtego mwingine ni kwamba "allow" hukaribiana sana kwa maana na "let", lakini chenyewe hudai "to", kama katika "They allowed him to leave".

Maana inapogeuka

Hatari kubwa zaidi iko kwenye vitenzi vichache vinavyokubali maumbo mawili, kila moja likiwa na maana yake. Katika kundi hilo, mbali na "stop", vimo "remember", "forget", "regret" na "try".

Mlinzi anayeandika maelezo baada ya wizi kutokea, akisema "I remember locking the gate", anathibitisha kwamba alifunga lango na bado anakumbuka tendo hilo. Akiandika "I remember to lock the gate", anaeleza tu kuwa ana desturi ya kutosahau kulifunga. Sentensi hiyo ya pili haisemi lolote kuhusu usiku wa tukio, na kwa mchunguzi makini hilo ni pengo kubwa.

Mwombaji kazi anayepokea barua yenye maneno "We regret to inform you" anapewa habari mbaya wakati huohuo. "We regret informing you" ingekuwa na maana kwamba waandishi wanajuta kuwa waliwahi kumpa habari hizo.

Si kila "to" ni ya kitenzi-jina

Kosa jingine huonekana mwishoni mwa barua za maombi ya kazi, pale mwombaji anapoandika "I look forward to hear from you". Sentensi sahihi ni "I look forward to hearing from you". Hapa "to" si alama ya kitenzi-jina, bali ni kihusishi kinachohitaji jina mbele yake, na umbo la "-ing" ndilo linaloshika nafasi ya jina.

Tofauti hiyohiyo ndiyo inayotenganisha "I used to work at night" na "I am used to working at night". Wa kwanza anasema kuwa zamani alikuwa akifanya kazi usiku. Wa pili anasema amezoea kazi ya usiku. Muuguzi anayeomba nafasi ya zamu ya usiku akikosea hapo, huenda akaeleweka kuwa kazi hiyo amekwisha kuachana nayo.

Nchini Tanzania, ambako masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, maumbo haya hayakomei kwenye mtihani wa somo la Kiingereza. Mwanafunzi huyahitaji pia anapojibu kwa maelezo maswali ya historia au biolojia.

Njia ya kujinasua ni kutojifunza kitenzi peke yake. Anayeandika "avoid" kwenye daftari lake na aandike "avoid doing", na anayeandika "agree" aandike "agree to do". Kamusi za wanafunzi zimefuata njia hiyo kwa miongo mingi. A. S. Hornby, Mwingereza aliyefundisha nchini Japani na ambaye jina lake liko kwenye kamusi ya Oxford ya wanafunzi, alichapisha mwaka 1954 kitabu kizima kuhusu mifumo ya sentensi za Kiingereza, ikiwamo ya vitenzi na vinavyovifuata.

Kwa anayemiliki kamusi ya aina hiyo, jibu la "to" au "-ing" hupatikana kwa dakika moja. Ni dakika inayofaa kutumiwa kabla ya kutia saini barua, maelezo ya polisi au mkataba.