Wakala Aliyemsimamia Agatha Christie Vitani

Huenda wewe ni mwanafunzi huko Kakamega na umejaza daftari hadithi ya maiti iliyookotwa katika ule msitu mkubwa. Kabla hujaupeleka mswada wako kwa mchapishaji, sikiza habari za Agatha Christie, bingwa wa hadithi za upelelezi kutoka Uingereza, na wakala wake, Edmund Cork.

Wakala ni nani? Ni mtu anayekutafutia mchapishaji na kukupigania katika mkataba, naye hulipwa sehemu ya mapato yako. Christie aliijua thamani yake baada ya kuumia. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1920, ilimletea pauni 25 tu, na mkataba ulimfunga kumpa mchapishaji yule yule vitabu vingine vitano. Ndipo akamwendea Cork.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka 1939, uhusiano wao ulitiwa majaribuni. Vijana wa Kakamega walipokuwa wakiandikishwa katika jeshi la KAR, London ilinyeshewa mabomu. Max Mallowan, mumewe Christie, alipelekwa Afrika Kaskazini. Mama huyo alitengeneza dawa hospitalini na huku akiendelea kuandika. Fedha zake za Marekani zilizuiliwa kwa ajili ya mgogoro wa kodi, ilhali serikali ya Uingereza nayo ilimdai kodi. Cork na wakala mwenzake wa New York, Harold Ober, wakahangaika kumtetea.

Christie hakungoja bomu limkute. Aliandika riwaya mbili za akiba: Curtain, aliyompa binti yake Rosalind kwa hati rasmi, na Sleeping Murder, aliyompa mumewe. Miswada ikafungiwa benki. Angekufa, jamaa zake wangekuwa na cha kuuza. Bahati njema alinusurika. Curtain ilitoka 1975, naye akafariki Januari 1976. Sleeping Murder ikatoka mwaka huo huo.

Huku kwetu waandishi wengi hupeleka miswada moja kwa moja kwa wachapishaji. Basi, msomaji, kama huna wakala, jisimamie mwenyewe. Soma kila mstari wa mkataba kabla ya kutia sahihi. Uliza utalipwa asilimia ngapi, na lini. Weka nakala ya mswada na ya kila barua, kisha uandike ni nani atakayerithi haki zako. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.