Urari wa Biashara Kutoka Milima ya Usambara

Urari wa biashara, yaani tofauti kati ya thamani ya bidhaa ambazo nchi imeziuza nje na zile ilizoziagiza, huitwa ziada mauzo yanapozidi na nakisi yanapopungua. Tarakimu hiyo moja huficha mengi, kwa kuwa ndani yake dhahabu, inayoongoza katika mauzo ya Tanzania, imechanganywa na mafuta, mitambo na ngano ya kuagizwa. Ili kuzitenganisha, forodha hutumia mfumo wa kimataifa ulioanza mwaka 1988, ambao huipa kila bidhaa sura yake: mboga ni sura ya 7, chai sura ya 9, mafuta ya nishati sura ya 27 na mbolea sura ya 31.

Wilaya ya Lushoto, katika Milima ya Usambara, inazigusa sura zote hizo. Karoti na kabichi zinazoteremshwa kwa malori kutoka Lukozi kupitia Soni hadi Mombo huliwa zaidi Dar es Salaam na Tanga, kwa hiyo haziingii katika hesabu ya mauzo ya nje, ilhali dizeli ya lori na mbolea ya urea iliyowekwa shambani zimekwisha kuandikwa kama bidhaa zilizoagizwa. Kwa takwimu hizo, mkulima anayelisha jiji huonekana kana kwamba anatumia tu fedha za kigeni, na hilo si haki, kwani bila jasho lake mboga zenyewe zingelazimika kuagizwa. Nakisi ya mbolea, basi, ni gharama ya uzalishaji, wala haifai kulaumiwa sawa na nakisi ya bidhaa ambazo nchi ingeweza kujitengenezea.

Ziada nayo si salama daima. Mkonge, ulioletwa mwaka 1893 na kuenea katika tambarare za Korogwe chini ya milima hii, ulifikia nchini kote zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964, kisha ukaporomoka pale nyuzi za viwandani zilipoteka soko la kamba.

Chai ya Usambara inafundisha zaidi. Forodha hutofautisha chai nyeusi iliyofungashwa katika pakiti zisizozidi kilo 3 na ile ya mizigo mikubwa, na sehemu kubwa ya chai ya Tanzania huondoka katika kundi hili la pili, ili ichanganywe na kufungashwa ng'ambo, ambako thamani kubwa huongezwa. Anayesoma taarifa za Benki Kuu ya Tanzania asiridhike kuona chai ina ziada. Aulize imeuzwa katika kundi lipi.