Nani Athibitishe Kuwa Wewe ni Mtanzania?

Msimu wa mpunga ukianza, familia nyingi za Bonde la Kilombero hufunga nyumba za kijijini na kuhamia shambani. Huko wanakaa dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, miezi kadhaa, wakiamia ndege na kulinda mpunga dhidi ya nguruwe. Mtoto akizaliwa huko, mkunga ni bibi yake. Zahanati iko mbali na njia imejaa maji. Hakuna tangazo la kizazi, na bila tangazo, cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi, kinageuka safari ndefu. Miaka 20 baadaye mtoto huyo anasimama mbele ya afisa uhamiaji mjini Ifakara na kuulizwa yeye ni raia wa nchi gani.

Nimeanzia dunguni kwa makusudi. Mtu akisikia kwamba wakili wa serikali wa Ifakara anashughulikia uhamiaji na usalama wa taifa, anashangaa, maana mawazo yanakimbilia mipakani: Sirari, Namanga au Tunduma. Ifakara haipakani na nchi yoyote. Lakini reli ya TAZARA inapita hapa kwenda Zambia, na wafugaji wameingia bondeni kutoka pande nyingi. Ugomvi wa shamba na malisho ukipamba moto, haichukui muda kabla mtu hajasema, "Yule siyo mwenzetu." Mwishoni mwa 2012 Operesheni Okoa Bonde la Kilombero ilipoondoa mifugo bondeni, hoja ilikuwa ng'ombe na maji. Mwaka uliofuata, katika Operesheni Kimbunga kule Kagera, Kigoma na Geita, hoja ikawa uraia wenyewe.

Jalada la anayeshukiwa si raia likifika mezani kwa wakili wa serikali, ndani mna maelezo ya onyo ya mtuhumiwa, maelezo ya afisa mkamataji, pengine barua ya mtendaji wa kijiji. Kazi ya kwanza ni kuuliza kama ushahidi unatosha. Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wakili huyo anafanya kazi kwa niaba yake, azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kila jalada lazima liishie kizimbani. Kulirudisha na kuandika "upelelezi haujakamilika" ni sehemu halali ya kazi, na kwa maoni yangu ndiyo inayohitaji ujasiri zaidi.

Sheria ya Uraia ya 1995 ukiisoma juujuu inampa uraia karibu kila aliyezaliwa nchini tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, isipokuwa watoto wa mabalozi na wa maadui vitani. Maofisini, hata hivyo, tafsiri inayotumika inataka mzazi mmoja angalau awe raia. Kwa hiyo kijana wa dunguni hatoki kwa kusema alizaliwa Mofu au Mngeta, vijiji vya humu bondeni. Ataulizwa baba, babu, na kaburi la babu liko wapi.

Hapo ndipo shauri la Anudo Ochieng Anudo linapotufundisha. Mwaka 2012 alikwenda polisi kwa ajili ya taratibu za ndoa, pasipoti yake ikazuiwa. Mwaka 2014 akapelekwa Kenya kwa madai kwamba si Mtanzania. Kenya nayo ikasema si raia wake. Akakwama Sirari, katikati ya nchi mbili, hana pa kwenda. Tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba alinyang'anywa uraia kiholela. Msingi wake ni rahisi kuukumbuka: Serikali yenyewe ndiyo iliyompa hati za uraia, hivyo ikizikana ni juu yake kuthibitisha. Mashahidi kuhusu wazazi wake walipingana, na mahakama ikasema kipimo cha DNA kingemaliza ubishi. Ikaagiza pia sheria irekebishwe ili mtu wa aina hiyo apate mahakama ya kumsikiliza, kwa kuwa kifungu cha 23 cha Sheria ya Uraia kilifanya uamuzi wa Waziri kuwa wa mwisho.

Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi kufungua shauri moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kwa hiyo meza ya wakili wa Ifakara ni nzito kuliko zamani. Kosa lisiporekebishwa pale, aliyekosewa hawezi tena kulipeleka Arusha mwenyewe.

Wapo pia wageni wa kweli. Vijana wa Ethiopia wanaopitishwa nchini kuelekea kusini hukamatwa mara kwa mara, na Juni 2012 zaidi ya 40 walikutwa wamekufa ndani ya lori mkoani Dodoma. Mwenye hatia nzito hapo ni aliyewasafirisha. Anayesafirishwa naye akisomewa shtaka asilolielewa, akaitikia "ni kweli" kwa kuwa ndiyo maneno mawili ya Kiswahili anayoyajua, kukiri huko hakuna maana. Shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, 1973, lilishaelekeza kwamba kila kiini cha shtaka kielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Mkalimani akikosekana, kesi iahirishwe.

Kuhusu usalama wa taifa nitasema jambo moja tu. Kwa miaka mingi cheti cha Mkurugenzi wa Mashtaka, kikisema usalama au maslahi ya Jamhuri yangedhurika, kilitosha kumnyima mtu dhamana, na hakimu hakuwa na la kufanya. Wakili Jeremia Mtobesya aliupinga utaratibu huo mahakamani. Mahakama Kuu ikakubaliana naye, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikashikilia hivyo hivyo. Ni uamuzi sahihi. Hatari kwa nchi ithibitishwe kwa ushahidi mbele ya hakimu. Saini peke yake haitoshi.

Nawe msomaji uliye bondeni, mpunga hausubiri, lakini sheria ya vizazi inatoa siku 90. Mtoto akizaliwa shambani, mpeleke zahanati, mwone mtendaji, fuatilia cheti kabla ya mavuno.